Kitanzi cha Pangani: Uhakiki wa Neno "Mvamizi" katika Historia ya Abushiri

Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa Pangani tarehe 15 Disemba 1889, mwaka 1307 wa Hijria. Waliomnyonga walimwita muasi na muuaji. Wazee wetu walimwita mujahidi, na wengine shahidi. Zaidi ya karne imepita na maandishi yetu bado yamegawika kwa majina haya. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba pande zote mbili zimeruka swali ambalo mwanachuoni wa pwani angeliuliza kwanza: nani alikuwa akimshambulia nani, na saa ngapi shambulio lilikoma?

Tuanze na maandishi yenyewe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wake wa vita vya Wadachi wakati habari zikiwa bado mbichi, na baadaye J.W.T. Allen akaufasiri kwa Kiingereza. Ni hazina kubwa, kwani ni sauti ya mtu wa Mrima mwenyewe. Lakini utenzi huo umejengwa juu ya mila ya tenzi za maghazi, ambamo mwenye haki na mwenye dhulma wanajulikana tangu beti za mwanzo. Mila hiyo haina nafasi ya kuuliza kama mwenye haki alivuka mpaka. Wajerumani nao waliandika juu ya "uasi wa Waarabu", jina lililomhukumu mtu kwa nasaba yake kabla ya kutaja alichotenda. Jonathon Glassman, katika kitabu chake *Feasts and Riot* cha mwaka 1995, amelivunja jina hilo vizuri. Ameonyesha kwamba walioinuka walikuwa wengi na wa kila namna: majumbe, Washomvi, wapagazi, watu wa mashamba. Hata hivyo kazi yake ni kueleza sababu za watu kuinuka. Haikukusudiwa kupima uadilifu wa kitanzi.

Kipimo tunacho nyumbani. Katika fikihi ya Shafii umo mlango wa kumzuia *saili*, yaani mwenye kukushambulia nafsi yako, watu wako au mali yako. Imam Nawawi ameueleza katika *Minhaj*, kitabu kilichosomeshwa kwenye darsa nyingi za pwani yetu. Kujilinda ni halali, na hadithi mashuhuri inamhesabu shahidi aliyeuawa akilinda mali yake. Lakini ruhusa hiyo ina daraja. Ukelele ukitosha, usipige. Mkono ukitosha, usishike silaha. Na mshambuliaji akikimbia au akishindwa nguvu, haki ya kumuua imekwisha. Kwa kipimo hiki saili hujulikana kwa kitendo chake cha saa ile. Asili yake na dini yake havimfanyi kuwa saili.

Tukipime basi kisa cha Pangani. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultan Khalifa bin Said aliikodisha Mrima kwa kampuni ya Kijerumani kwa miaka 50, na watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti Emil von Zelewski, wakala wa kampuni hapo Pangani, alitaka bendera ya kampuni ipepee na mamlaka ya liwali yavunjwe. Askari wa manowari wakaletwa kumsaidia, na habari ya kuingiwa msikiti kwa viatu na mbwa ikaenea pwani nzima. Mji ulioinuka hapo ulikuwa unajilinda, na sioni namna ya kulikataa hilo.

Lakini kipimo hichohicho hakitupi ruhusa ya kunyamazia Pugu. Januari 1889 misheni ya Wabenediktini ilivamiwa, watawa kadhaa wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka na kuachiwa kwa fidia. Watawa wale hawakuwa wamemshika mtu koo. Kuwaua kulikuwa dhulma, na mwandishi wetu anayeipita Pugu kwa mstari mmoja anaidhulumu historia.

Je, Pugu inahalalisha kitanzi? Hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, Abushiri aliponyongwa alikuwa mateka aliyefungwa, na mtu aliyefungwa si saili tena. Pili, kama ilikuwa kisasi cha sheria, basi kisasi kina masharti: kadhi asiye upande wowote katika ugomvi, na warithi wa aliyeuawa wenye haki ya kusamehe. Hermann Wissmann alikuwa jemadari wa vita hivyohivyo. Aliyeshindana naye vitani ndiye aliyemhukumu. Linganisha na Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana vita vilevile na kusalimu amri mwaka 1890: yeye alisamehewa na kurudi mjini kwake. Mmoja kitanzi, mmoja msamaha. Tofauti hiyo ilitoka katika siasa ya wakati ule.

Mwenye kuutetea unyongaji atasema kwamba Bwana Heri aliinuka tena mwaka 1894. Kweli. Lakini hofu ya kesho si shambulio la leo. Tukiikubali hofu kuwa sababu ya kuua, hakuna mateka atakayebaki hai popote.

Na hapa kipimo kinatugeukia sisi. Abushiri alikuwa na shamba la miwa huko Pangani, nalo lililimwa na watumwa. Kwa mtumwa yule, mvamizi alikuwa nani? Swali hili halifuti haki ya mji kujilinda, ila linatufundisha kwamba neno "mvamizi" likishikamanishwa na asili ya mtu, halina mwisho. Tarehe 12 Januari 1964 na siku zilizofuata, neno hilohilo liligeuzwa kwa familia zetu Unguja. Watu waliuawa majumbani mwao, bila silaha mkononi, kwa kosa la babu zao kuja na dau. Atakayesema kwamba waliouawa Pugu walikuwa "wageni tu" amewapa hoja wauaji wa 1964.

Kisha ikaja kesi ya kuuawa kwa Mzee Abeid Karume, aliyepigwa risasi tarehe 7 Aprili 1972. Washitakiwa walisimama bila mawakili wa kuwatetea, na waliohukumu walikuwa watu wa utawala uleule uliopigwa. Abdulrahman Babu, aliyekuwa kizuizini bara, alihukumiwa kifo asiwepo mahakamani. Aliachiwa mwaka 1978 na akaishi, akisomesha na kuandika, hadi 1996. Kitanzi kingalifika, lisingebaki la kusahihisha.

Sisi tulioweka makao Greenbelt hatuko mbali na swali hili. Katika mahakama ya shirikisho ya mji huu Dustin Higgs alihukumiwa kifo kwa mauaji ya wanawake watatu ya mwaka 1996. Aliyevuta kifyatulio alipata kifungo cha maisha. Maryland iliifuta adhabu ya kifo mwaka 2013, lakini serikali ya shirikisho ilimuua Higgs huko Indiana tarehe 16 Januari 2021, siku 4 kabla ya urais kubadilishwa. Uovu wa yale mauaji haupungui. Lakini hata katika nchi yenye mawakili na rufaa, nani afe na nani aishi huamuliwa pia na kalenda ya siasa.

Kwa hiyo nawaomba wenye kukusanya habari za familia kwa ajili ya jarida hili: mnapoandika jina la aliyeuawa, msitosheke na "shahidi", wala msitosheke na "muasi" mnapolikuta kwenye faili la serikali. Andikeni alikuwa wapi, alishika nini mkononi, alikuwa amefungwa au huru, na aliyetoa amri alikuwa na ugomvi gani naye. Na fanyeni hivyo pia kwa waliouawa na watu wa upande wetu. Wallahu aalam.