Uzi wa Enanga Unaponyooka, Nishati Huwa Wapi?

Enanga inayopigwa Bukoba na Muleba ni mti uliochongwa mfano wa kihori, na uzi mmoja mrefu ukapitishwa juu yake kwenda na kurudi hadi ukawa nyuzi kadhaa. Tendi zinazoghaniwa kwa ala hii, Rukiza ukiwamo, zimechambuliwa kwa kina na M. M. Mulokozi. Leo nautazama uzi wenyewe.

Kidole kinapouvuta uzi kando, hufanya kazi dhidi ya mkazo wake, na kazi hiyo ndiyo akiba yote ya sauti itakayofuata. Ukivutwa mara mbili zaidi, akiba huwa mara nne. Ukiachiwa, mawimbi hukimbilia ncha zote mbili, hurudi na kupishana, na hapo huzaliwa wimbi lisilosafiri: kwenye vifundo uzi hautikisiki, kwenye matumbo hupanda na kushuka.

Tuchukue wimbi la msingi peke yake. Mara mbili katika kila mtetemo uzi hunyooka kabisa, kana kwamba haujaguswa, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama: mawimbi yamefutana, nishati je? Ipo, yote, katika mwendo. Uzi ulionyooka ndio unaopita kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote. Robo ya mtetemo baadaye unafika ukomo, unasimama, na nishati ile ile sasa ni ya uzi uliovutika. Tena imehama mahali: nishati mwendo hukusanyika kwenye tumbo, nishati tuli karibu na vifundo, ambako mteremko wa uzi ni mkali. Huhama hivyo huku na huku bila kuvuka kifundo, na jumla haipungui. Huu ndio uzuri ambao mchoro wa ubaoni hauonyeshi.

Lakini ncha zingeshikwa imara kabisa, tusingesikia karibu chochote, kwa kuwa uzi mwembamba huikata hewa bila kuisukuma. Enanga husikika kwa sababu ncha zake hulegea kidogo sana, nishati ikavujia kwenye mti, na mti mpana ukaisukuma hewa. Fundi akiacha kihori kinene mno, uzi utatetema muda mrefu kwa sauti ndogo. Akikichonga chembamba, sauti itakuwa kubwa na kufifia upesi, na mghani atalazimika kucharaza tena kabla mstari wake haujaisha.