Hongera Walimu wa Kijerumani cha Kati

Ngazi ya kwanza ya Kijerumani ina raha yake: salamu, hesabu, kujitambulisha. Ngazi ya kati ndiyo inayopukutisha wanafunzi, na hapo ndipo walimu wa vyuo vikuu kama Nairobi na Kenyatta wanapostahili pongezi za dhati. Mwalimu anaandika ubaoni: "weil es in Haneti lange nicht geregnet hat", kwa sababu huko Haneti, Tanzania, mvua haijanyesha siku nyingi. Kisha anasubiri mpaka darasa zima lione kitenzi kisaidizi kilivyosukumwa mwisho kabisa. Hafoki. Anafuta, anaandika upya, anamwita aliyekaa nyuma.

Mwanafunzi aliyekulia Haneti, wilayani Chamwino, mwenye Kigogo nyumbani na Kiswahili shuleni, amezoea ngeli na upatanisho tangu utotoni. Jinsia tatu za nomino za Kijerumani zisimtishe. Mbele yake kuna mtihani wa B1, yaani wa ngazi ya kati, wa Goethe-Institut: una sehemu nne, kila moja ikidai alama 60 kati ya 100.

Faida ya kukijua Kijerumani si kupata viza tu. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zimehifadhiwa Dar es Salaam, nyingine kwa mwandiko wa mkono wa kizamani unaotaka jicho lililofundishwa. Ugogo, eneo iliko Haneti, nao ulikuwa chini ya utawala huo. Nani azisome kama si watoto wa Ugogo wenyewe? Wala kufundishana lugha baina ya pande hizi mbili si jambo geni: mwaka 1903 Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Bagamoyo, alikuwa Berlin akiwafundisha Wajerumani Kiswahili. Walimu wetu wa leo wanaifanya kazi ileile kutoka upande wa pili.