Francis Kéré na Heshima ya Udongo

Nyumba njema si mlango, wasema wahenga. Lakini wahakiki wengi wa majengo husimama mlangoni na kurudi na sifa za mlango. Ndivyo zilivyopokewa kazi za Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso mwenye ofisi mjini Berlin. Tangu alipopewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, naye akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata, picha za majengo yake zimeenea kote, na sifa zimemiminika juu ya uzuri wa rangi ya udongo na wema wa mtu asiyesahau kwao. Sifa hizo si za uongo, ila ni pungufu. Swali lipasalo kuulizwa ni hili: jengo likisha kufunguliwa na wageni wakaondoka, limewaachia nini wale waliolijenga?

Jibu laanzia Gando, kijiji alikozaliwa Kéré mwaka 1965. Kijiji hicho hakikuwa na shule, naye alipelekwa mbali akiwa mtoto ili apate kusoma. Baadaye alijifunza useremala, akaenda Ujerumani, akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Mwaka 1998 alianzisha chama cha kuchangisha fedha za kujengea shule kijijini kwao. Shule ilikamilika mwaka 2001, na shahada yake akaipata mwaka 2004. Yaani jengo lililomjulisha kwa ulimwengu ni kazi ya mwanafunzi.

Watu wa Gando waliposikia kwamba shule itakuwa ya udongo, walisita. Wako wanaoitaja habari hii kama kichekesho, kana kwamba wanakijiji hawakujua thamani ya mali yao. Kumbe walijua mno. Aliyeona mvua ikiutafuna ukuta wa nyumba yake mwaka baada ya mwaka hahitaji kuhubiriwa na mgeni juu ya uzuri wa udongo. Wahakiki wa kwanza wa Kéré walikuwa watu hao, na shaka yao ilikuwa uhakiki wa haki. Hakuwajibu kwa maneno, bali kwa ujenzi. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa ukawa matofali imara. Juu ya madarasa iliwekwa dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa. Na juu ya dari, mbali nayo, likainuliwa paa la bati lililobebwa na fremu za nondo. Bati likipata moto wa jua, upepo upitao kati huliondoa joto kabla halijawashukia watoto; na kwa kuwa paa limepita kuta kwa upana, mvua haizifikii. Adui wawili wa ukuta na wa mwanafunzi, mvua na joto, wamezuiwa kwa kifuniko kimoja. Huo ndio ufasaha wa jengo: kila kiungo chasema neno lake, wala hapana neno la kujaza nafasi.

Tena kazi hiyo ilikuwa ya mikono mingi. Watoto walileta mawe, wanawake walipiga sakafu, na vijana walijifunza ufundi ambao wengine wao waliuchukua kwenda kuutumia katika kazi nyingine. Tuzo ya Aga Khan ya mwaka 2004 ilikwenda kwa jengo, lakini faida kubwa zaidi ilibaki katika mikono hiyo. Ukuta ukipasuka, aliyeujenga yupo jirani. Hapo ndipo ulipo utu wa kazi ya Gando, nao hauonekani katika picha.

Kwa kipimo hicho kazi zilizofuata zaweza kupimwa. Shule ya sekondari ya Lycée Schorge, iliyokamilika Koudougou mwaka 2016, yasimama vizuri: kuta zake ni za mawe mekundu ya nchi ile, na mapazia ya miti yaliyoizunguka ni ya mkalitusi, mti unaolaumiwa kwa kukausha ardhi, ambao hapa umepewa kazi ya kutia kivuli. Huko Kenya, kando ya Ziwa Turkana, chuo cha Startup Lions kiliwafungulia vijana mafunzo ya kompyuta mwaka 2021. Minara yake yafuata umbo la vichuguu: hewa ya joto hupanda na kutoka juu, na iliyo baridi zaidi huingia kwa matundu ya chini. Atazamaye picha atadhani kuta ni za udongo. Kumbe ni za mawe ya jirani, zikapakwa lipu yenye rangi ya udongo. Hilo si kosa, maana somo la Gando halikuwa udongo, bali kutumia kilicho karibu kwa akili. Hata hivyo lipu hiyo yaonya: rangi imeanza kutumika kama sahihi ya mwandishi.

Onyo lazidi katika kazi za dola. Bunge la Benin huko Porto-Novo, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2021, limechorwa kwa mfano wa mti wa baraza. Mfano ni mzuri, lakini mti ulikuwa baraza kwa sababu yeyote aliweza kuufikia na kuketi; bunge lina ukuta na askari. Kaburi la heshima la Thomas Sankara na wenzake kumi na wawili, waliouawa tarehe 15 Oktoba 1987, lilifunguliwa Ouagadougou Mei 2025. Hapo udongo wapewa heshima ya taifa, nayo yaustahili. Lakini serikali hujenga kwa amri na mkataba, na mwananchi huja kutazama. Aliyepiga sakafu ya Gando hakuja kutazama.

Hukumu ya haki si kumtaka Kéré abaki kijijini daima. Msanii hukua, na bara hili lahitaji majumba ya fahari yanayoijua hali yake ya hewa. Lakini anayetaka kumwiga asianze na rangi wala umbo. Na aanze na shaka ya watu wa Gando, ajibu kwa ukuta unaosimama mvua ikinyesha, na awaachie waliomsaidia ujuzi wa kujenga wa pili bila yeye.