Fidla ya Ufini Masikioni mwa Uyole

Katika miaka ya 1970 nchi za kaskazini ya Ulaya, Ufini miongoni mwao, zilisaidia kituo cha kilimo cha Uyole. Wafini tuliwajua kwa mbegu na ng'ombe. Yafaa tuwajue kwa fidla pia.

Mwaka 2024 Janine Jansen na okestra ya Oslo, chini ya Klaus Mäkelä, walitoa rekodi ya konseto ya fidla, ya pekee aliyotunga Jean Sibelius. Mtunzi huyu alitamani kuwa mpigaji, akakataliwa Vienna mwaka 1891. Konseto iliposikika mwaka 1904 ilikuwa na mapambo mengi mno. Mwaka 1905 aliipunguza, kama mkulima apunguzavyo miche, akafuta hata sehemu nzima ambamo fidla ilijionyesha peke yake.

Basi mpigaji apimwe hivi: je, hurudisha majigambo yaliyofutwa? Jansen hayarudishi. Moto anao, lakini hautumii kwa majivuno. Nayo okestra, iliyokwisha kutoa simfonia zote 7 za Sibelius mwaka 2022, ni mwenziwe wala si mtumwa wake.

Mshairi na mpiga zeze wana somo hapa: kukata kilicho kizuri ili kilicho bora kisikike.