Farasi Wengi, Dereva Hana Kazi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ferrari 308 GTSi iliyouzwa Marekani ilikuwa na nguvu za farasi 205. Hilo ndilo gari jekundu lililoendeshwa na mpelelezi katika tamthilia ya televisheni ya Magnum, P.I., gari la ndoto kwa kizazi kizima cha vijana. Leo Toyota Camry ya mwaka 2025, gari la mzazi anayepeleka watoto shule kisha akapitia dukani, inaanzia farasi 225 katika nchi hiyohiyo. Hakuna Camry mpya huko iliyo dhaifu kuliko Ferrari ile.

Jambo hili limewatia wasiwasi mashabiki wa magari ya michezo. Ninaposema gari la michezo nina maana ya gari dogo, la chini, aghalabu la viti viwili, lililotengenezwa kwanza kwa ajili ya raha ya kuliendesha na si kwa kubeba watu na mizigo. Kama gari la kwenda kazini linalizidi nguvu, gari hili limebakiwa na nini? Wengi hujibu kwa njia mbili. Wapo wanaolalamika kwamba enzi yao imekwisha, na wapo wanaodai farasi zaidi ili pengo la zamani lirudi. Makala haya yanapinga majibu yote mawili. Ninadai kwamba magari ya kawaida yamewafanyia mashabiki hisani kwa kuwanyang'anya namba waliyokuwa wakijivunia, na kwamba wakiendelea kuikimbiza watalipoteza gari lenyewe.

Kwanza tuone namba hii imepandaje. Takwimu za Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani zinaonyesha kuwa gari jipya la wastani nchini humo lilikuwa na farasi 137 mwaka 1975. Baada ya misukosuko ya mafuta ya muongo huo wastani ulishuka hadi karibu farasi 100 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 2022 ulikuwa umepita 250. Sababu zake zinajulikana. Kompyuta ndogo zilichukua kazi ya kabureta na kupima mafuta kwa uangalifu ambao kabureta haikuwa nao. Turbo, inayotumia moshi wa injini yenyewe kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, iliiwezesha injini ndogo kufanya kazi ya injini kubwa. Kisha ikaja mota ya umeme. Katika gari la haibridi mota hiyo iliwekwa ili kupunguza matumizi ya mafuta, lakini ilipounganishwa na injini ikaja na farasi wake. Toyota RAV4 Prime ya mwaka 2021 ina farasi 302 na hufika maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 97, katika muda usiofika sekunde 6. Mnunuzi wake alitaka kubana mafuta. Mbio amepewa kama nyongeza, jinsi mchuuzi anavyokutilia nyanya moja juu ya fungu.

Tukumbuke pia kipimo chenyewe kilikotoka. James Watt, fundi wa Scotland wa karne ya 18, alitaka kuuza injini za mvuke kwa watu waliozoea kutumia farasi kuzungusha vinu na kutoa maji migodini. Akawapimia kwa kitu walichokijua. Farasi mmoja ni sawa na karibu wati 746. Tangu kuzaliwa kwake, basi, kipimo hiki ni lugha ya muuzaji anayezungumza na mnunuzi. Ni kipimo cha kweli, lakini kinapima kazi ya mashine. Hakimpimi aliyeshika usukani.

Sisi tunaosoma Kiswahili tumezoea kuuliza maswali mawili mbele ya kazi yoyote ya sanaa: inasema nini, na inalisemaje. Maudhui na fani. Nguvu za farasi hazijibu swali lolote kati ya hayo. Kulisifu gari kwa farasi wake ni sawa na kuisifu riwaya kwa idadi ya kurasa zake.

Shabiki makini atanijibu kwamba farasi hawatazamwi peke yao, sharti wagawanywe kwa uzito. Ni jibu zuri, na kwa muda linatosha. Mazda MX-5 inayouzwa Marekani sasa ina farasi 181, wachache kuliko wa Camry, lakini uzito wake ni tani moja na kidogo tu, ilhali Camry inakaribia tani 1.6. Kwa hesabu ya haraka MX-5 ina farasi kama 170 kwa kila tani, na Camry kama 140. Gari dogo limeshinda. Sasa ilete Kia EV6 GT, gari la umeme la milango mitano lenye nafasi ya familia nzima. Lilipotoka lilikuwa na farasi 576 na uzito wa karibu tani 2.2, yaani zaidi ya farasi 250 kwa kila tani. Ngome ya pili nayo imeanguka. Anayelitetea gari la michezo kwa hesabu ya mbio, iwe ya jumla au ya kugawanya, anajenga nyumba juu ya mchanga.

Ushahidi ulionishawishi zaidi umetoka kwa watengenezaji wenyewe. Hyundai Ioniq 5 N, iliyozinduliwa mwaka 2023, hutoa hadi farasi 641 kwa muda mfupi. Gari hili la umeme halihitaji gia za kubadilisha, wala halina injini ya kunguruma. Hata hivyo wahandisi wake waliliongezea programu ya kuigiza gia. Dereva akibonyeza kijiti kilicho nyuma ya usukani, gari hushtuka kidogo kana kwamba gia imebadilika, na spika hutoa mlio wa injini isiyokuwepo. Wapo wanaolicheka kwa kujifanya kile lisichokuwa. Mimi naliona kama ungamo. Watu waliokuwa na farasi 641 mkononi waligundua kuwa bado kuna kitu kimepungua, na kitu hicho hakikuwa farasi wa 642. Ilipungua kazi ya dereva: kusikiliza, kukadiria, kuchagua wakati, kukosea na kusahihisha. Mguu mmoja ukikanyaga na gari likafanya mengine yote, aliye ndani ni abiria aliyekaa kiti cha mbele.

Kazi hiyo ndiyo maudhui ya gari la michezo, na haijawahi kuhitaji farasi wengi. MX-5 ya kwanza, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989, ilikuwa na farasi 116 na uzito usiofika tani moja. Kufikia mwaka 2016 Mazda ilikuwa imetengeneza magari milioni moja yenye jina hilo. Toyota GT86 ya mwaka 2012, yenye farasi 200, ilitoka kiwandani ikiwa na matairi ya aina iliyowekwa pia kwenye Prius, gari linalosifika kwa kubana mafuta. Anayedhani huo ni ubahili hajaelewa. Tairi lisiloshika barabara kupita kiasi humwezesha dereva kuhisi gari linapoanza kuteleza akiwa bado katika mwendo wa chini, mahali ambapo kosa linarekebishika. Gari la farasi 600 huuficha mpaka wake mbali sana, katika mwendo usioruhusiwa kwenye barabara za umma za nchi nyingi. Siku utakayoufikia huna nafasi ya kujifunza.

Japani inatupa mfano wa yanayotokea namba inapofungwa. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 kampuni za huko zilikuwa na makubaliano ya kiungwana ya kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280 kwa kipimo chao. Ni kweli kwamba baadhi ya magari yalizidi kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeweza kujitapa kwa namba kubwa kuliko ya mwenzake, ubora ulibidi utafutwe kwingine. Nissan Skyline GT-R ikajulikana kwa mfumo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, Honda NSX kwa bodi ya alumini, Mazda RX-7 kwa injini yake ndogo na nyepesi ya mzunguko, Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution kwa ujuzi uliotoka kwenye mbio za magari za barabara za vumbi na theluji. Magari hayo ndiyo yanayosakwa na mashabiki hadi leo. Nasi tunayajua, maana baadhi yake yalitufikia kama mitumba. Anayesikia Subaru ya zamani ikinguruma Kampala au Nairobi anasikia sauti ya miaka ile.

Mfano wa upande wa pili unasikitisha. Colin Chapman aliijengea kampuni ya Lotus ya Uingereza sifa kwa imani kwamba kupunguza uzito ni bora kuliko kuongeza nguvu. Lotus Elise ya mwaka 1996 ilikuwa na farasi 118 tu, na uzito wa takriban kilo 725. Utengenezaji wa Elise ulikoma mwaka 2021. Leo nembo hiyohiyo imebandikwa kwenye Eletre, gari la umeme la familia lenye hadi farasi 905 na uzito wa zaidi ya tani 2.4. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kampuni inahitaji kuishi, na siilaumu kwa kuuza kinachonunuliwa. Ninawalaumu mashabiki waliosema wanapenda gari jepesi, kisha wakalipima kwa namba ya Watt na kuliona si kitu. Gari dogo halikuuawa na Camry. Liliachwa na waliodai kulipenda.

Atatokea mtu wa kuniuliza kama si haki mwananchi wa kawaida apate leo nguvu ambayo zamani ilikuwa ya tajiri. Ni haki. Nguvu ya kutosha husaidia kulipita lori mlimani bila kukaa muda mrefu upande usio wako, na inapendeza kuona kitu kizuri kikishuka bei. Ila nguvu hii imekuja pamoja na uzito, na fizikia haina upendeleo. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa kadiri ya uzito wake, na mwendo ukiongezeka mara mbili nishati huongezeka mara nne. Nishati hiyo yote lazima ipokewe na breki, au na kitu kingine kilichosimama mbele.

Hapo ndipo suala hili linapotuhusu sisi huku. Nchi zetu hununua kwa wingi magari ambayo wengine wameshayatumia. Kenya huruhusu mitumba isiyozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imezuia yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Maana yake, ladha ya mnunuzi wa Japani au Uingereza leo ndiyo gari letu la kesho. Magari hayo yatakapofika yatakuta bodaboda zinazopenya kila upenyo, watoto wanaovuka wakiwa na sare za shule, na barabara kama ya Kampala kwenda Masaka, ambako kwa sehemu kubwa wanaokwenda na wanaorudi hutenganishwa na mstari wa rangi tu. Kijana wa hapa atakayelinunua gari kwa sababu ya farasi 300 hatakuwa na mahali halali pa kuwatumia wote. Atawatumia palepale penye watu. Kwa hiyo namna tunavyolisifu gari si porojo za vijana tu, kwa sababu sifa huamua mtu anunue nini na alithibitishe wapi.

Ninawaomba mashabiki, nami nikiwa mmoja wao, tuiachie Camry ushindi wake. Ina farasi wengi kuliko MX-5, na sisi tubaki na yale ambayo Camry haikutengenezwa kuyatoa: usukani unaousimulia mkono hali ya barabara, gia unayoibadilisha mwenyewe, kona unayoifurahia katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa bila kumhatarisha mtu. Anayetaka kuujua mwisho wa gari lake akautafute kwenye uwanja uliofungwa, kwa wanaojua kazi hiyo. Na tunaposimama mbele ya gari linalouzwa, swali la farasi wangapi lisubiri. Tuanze kwa kuuliza lina kilo ngapi.