Hongera, Katekista

Kigangoni padri hufika kwa nadra. Jumapili nyingi ni za katekista. Huongoza ibada, hufundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, huzika, husuluhisha wanandoa, na Jumatatu yuko shambani na jembe lake. Papa Fransisko aliifanya kazi hii huduma rasmi ya Kanisa mwaka 2021. Kwa maoni yangu, Kanisa lilichelewa. Ninalompongezea katekista zaidi ni lile tusiloliona. Kabla hajagonga ile ringi ya gari iliyoning'inizwa mwembeni kuita watu, ameshapiga magoti benchi la nyuma, rozari mkononi, akisali kama muumini yeyote. Somo amelisoma usiku kwa ajili ya roho yake kwanza, mahubiri baadaye. Na posho, tusidanganyane, mara nyingi haitoshi sabuni.