Kuisoma Namba

Mtaani ukiambiwa "utaisoma namba," unatishiwa: utakiona cha moto. Nasoma shahada ya umahiri ya fasihi, na usemi huo hunikumbusha andiko tunalokutana nalo kila siku barabarani, ambalo karibu hakuna anayelisoma hadi mwisho.

Tulisome kama tunavyosoma shairi, tukianza na umbo. Namba ya gari Tanzania Bara ina T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Kibao cha njano ni cha gari binafsi. Cheupe ni cha biashara, kama daladala. Pikipiki huanza na MC. SU ni shirika la umma, SM ni serikali za mitaa, DFP ni mradi wa wafadhili. Mkoa haumo. Mjerumani akiona B mwanzoni anajua gari ni la Berlin. Sisi hatuambiwi kama hili ni la Songea au la Bukoba. Tunachoambiwa ni wakati, kwa kuwa herufi husogea kadiri magari yanavyosajiliwa: A, B, C, D, kisha E.

Hapo ndipo usomaji wa mtaani unapopotoka. Dalali akinadi gari husema "namba D" kana kwamba anasifia injini. Herufi hiyo inaeleza gari limesajiliwa lini hapa, si limeundwa lini. Gari lililochakaa Japani miaka kumi na mitano, likishuka bandarini Dar es Salaam leo, hupewa herufi za leo. Kumbukumbu ya daftari imegeuzwa kuwa hadhi.

Usomaji huo una gharama. Mjomba wangu aligongwa akivuka barabara, dereva akakimbia. Swali la kwanza lilikuwa lile lile la siku zote: nani ameshika namba? Mashahidi watatu walikubaliana: gari jeusi, zuri, namba D. Basi. Herufi hiyo moja inabebwa na magari maelfu kwa maelfu. Waliiona hadhi ya gari; gari lenyewe likawapotea.

Mwenye fedha anaweza kuandika jina lake mahali pa namba. Bajeti ya 2016/17 ilipandisha ada hiyo kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa miaka mitatu. Wengi huyaita majivuno, nami sibishi. Ila kwa jicho la mhakiki, hilo ndilo andiko pekee ambalo mashahidi wale wangelikumbuka lote, kwa sababu lina maana kwa msomaji wake. Namba ya kawaida haina utamu huo. Inadai msomaji mvumilivu, anayeanza na T na kufika herufi ya mwisho kabla gari halijakata kona.